Taya la Mama na Safari ya Ugalla

Baba aliuawa na kiboko katika Mto Ugalla, na mama akavunjwa taya kwa ajili hiyo. Mimi, mtoto wao wa mwisho, nikaja ukubwani kutamani kwenda kwenye mto huohuo kutembea tu: kupiga kafi siku kadhaa, kulala kwenye mahema kandokando ya maji, na kurudi nyumbani. Watu wakaniuliza kama nina akili timamu.

Walikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu mtu haingii porini bila sababu. Unaingia kurina asali, au kuvua, au unafuata ng'ombe aliyepotea, au umekimbia kesi. Nilipokwenda kuomba kibali, maana mto ule siku hizi umo kwenye hifadhi, afisa aliniuliza tunakwenda kuvua samaki gani. Nikasema hatuvui. Akauliza mizinga yetu ya nyuki iko upande gani. Nikasema hatuna mzinga hata mmoja. Akaweka kalamu chini, akasema basi mnakwenda kuwinda, sema kweli mama. Nikamwambia nakwenda kutembea kama Wazungu wanavyotembea, tofauti ni kwamba wao mto haujawalia baba. Hapo akagonga muhuri.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mpanda. Nashona sare za shule na mapazia, na wenye malori huniletea maturubai yaliyochanika. Hasira zangu zinajulikana soko zima. Mteja akinijia juu kwa nguo ambayo siku yake haijafika, huondoka na maneno ya kumtosha mpaka Krismasi. Sijazitafuta hasira hizi, nimezaliwa nazo. Ukoo wa baba wote tuko hivyo, mikono hutangulia na akili hufuata nyuma ikichechemea.

Wazo la safari lilitoka kwenye simu. Niliona video ya watu wakipiga kafi kwenye mto fulani wa mbali. Jioni wakapiga mahema, wakachemsha chai, wakacheka, wakalala. Niliirudia mara nyingi kwa sababu moja: hakuna aliyekuwa analia. Tangu utotoni neno mto kwangu lilikuja na kilio nyuma yake, na hapa watu walikuwa wanachezea maji yake kwa miguu. Nilitaka kuuona mto wa baba namna hiyo, walau mara moja kabla sijazeeka.

Njia tulikuwa nayo. Baba alikuwa anashuka kwenye treni pale reli inapovuka mto kwa daraja, anaingiza mtumbwi majini na kuteremka nao, akilala kwenye kambi zake mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa kwenye kichuguu kikubwa kisichofikiwa na mafuriko. Iliyofuata ilikuwa juu ya mwamba, halafu kambi ya mizinga, ambako alikaa mpaka asali iishe. Kaka yangu alikwenda naye msimu mmoja kabla ya msiba, na anazikumbuka zote. Yeye analima mahindi na karanga kijijini Litapunga, na mama anakaa kwake, katika nyumba ndogo nyuma ya jiko.

Kabla sijaendelea inabidi niseme habari ya kushika nyumba, maana ndiyo iliyotuua.

Mwanamume wa kwetu akienda porini au mtoni, mkewe anaachiwa nyumba aishike. Kuishika si kuifagia tu. Mke hasuki nywele mpaka mume arudi. Hatoi moto wala chumvi kwa jirani, hagombani na mtu, hamruhusu mgeni akae kitandani. Juu ya yote, asiwe na mwanamume mwingine. Nyumba ikishikwa vizuri, mume anapita katikati ya wanyama kama hawamwoni. Nyumba ikilegea, mnyama anajua. Kwa hiyo mume akirudi ameumia, hakuna anayeuliza mnyama alikuwa wapi. Wanauliza mke alikuwa na nani.

Habari za baba zilipofika nilikuwa darasa la tatu. Shangazi zangu walifika kabla ya maiti. Walimvuta mama nje, wakauchukua mchi wetu wenyewe, ule aliotwangia asubuhi hiyo, wakamuuliza nani alilala humu. Akasema hakuna. Wakampiga. Wakauliza tena, akasema hakuna, wakampiga tena. Mimi nilikuwa nimebanwa miguuni mwa shangazi mdogo, nikaona taya la mama likihama upande kama droo iliyotoka kwenye reli yake. Hapo akasema ndiyo. Walipodai jina akasema ni mchuuzi wa chumvi kutoka Uvinza, mtu aliyekuwa amepita siku nyingi nyuma na hakurudi tena kijijini. Wakautupa mchi, wakaanza kulia msiba.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, kijana wa kuanza kuota ndevu. Aliisikia ile ndiyo. Akaishika kama watu wanavyoshika imani.

Sisemi kwamba alimtesa mama. Alimjengea, alimvisha, akiugua alimpeleka hospitali. Lakini hakula tena kitu kilichotoka mikononi mwake. Mkewe akipika anakula. Mama akishika mwiko, hata kwa kukoroga tu, kaka huwa ameshiba. Nyumba nzima ilijua, na hakuna aliyelisema, kwa sababu mambo ya namna hiyo ukiyasema ni lazima uyafanyie kitu.

Basi tukaanza kupanga safari, mimi na kaka, kwa mtumbwi wake. Nilikuwa nakwenda Litapunga Jumapili baada ya misa, na kwa kweli sijawahi kumwona kaka akiwa na furaha kama zile Jumapili. Alichora mto uani kwa kijiti, kona kwa kona, huku kuku wakiukanyaga. Alisema tusubiri masika yaishe, maji yatulie lakini yasikatike kuwa madimbwi, maana kwenye madimbwi viboko hubanana na kuwa na hasira. Alisema mtumbwi ukae upande wa maji mafupi, usipite hata mara moja kati ya kiboko na kina chake. Kabla ya kila kona ugonge ubavu wa mtumbwi kwa kafi, ajue unakuja. Wengi wanakufa kwa kumshtua, alisema, na alipotamka hayo hakunitazama usoni. Moto wa kambi uwake mpaka asubuhi. Hema lisipigwe kwenye njia ya mnyama, hata kama nyasi zimelala vizuri na panavutia.

Alinichongea kafi kwa mti wa mninga, jekundu, zito kuliko nilivyotaka. Nami nilishona mahema mawili ya turubai, nikayapiga uzi mara mbili. Tulipanga unga, dagaa, chumvi, sufuria, panga, dawa ya malaria, na nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbung'o.

Kilichobaki kilikuwa nyumba. Ya kaka ingeshikwa na mkewe, wifi yangu, mwanamke mpole ambaye huwa namwambia upole wake utamzika. Yangu je? Nikamweleza mume wangu miiko yote, yeye ni Mfipa na kwao hawana mambo hayo. Akakubali mmoja baada ya mwingine, hata wa kutosuka nywele, na ana upara. Halafu akauliza, kwa utani wake wa siku zote, mimi nikiuawa na kiboko, nani atakuja kumvunja yeye taya. Nilicheka. Nikaendelea kushona, na baada ya muda nikagundua nimepitisha mshono mahali pasipotakiwa, nikawa nafumua kwa hasira.

Hakuna ambaye angekuja. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma. Mwanamume aliyeachiwa nyumba ni mzaha. Mwanamke aliyeachiwa nyumba ni rehani, na kiboko hajui kusoma alama za nani kashika na nani kalegeza.

Jumapili ya mwisho ilikuwa ya kutema maji. Wanaosafiri na wanaobaki wanazunguka bakuli la maji. Kila mmoja anasema kinyongo alichonacho, kisha anachukua funda na kulitema chini, na kinyongo kinabaki ardhini. Mtu akificha neno, mwenzake ndiye anayesafiri nalo. Anaanza mdogo. Mimi nikasema kaka alivuna mahindi mabichi akanisahau, nikatema, wakacheka. Zamu ikawa ya wifi.

Alikaa na bakuli mapajani. 

"Neno langu ni moja," akamwambia mumewe. "Ukiumia huko nitapigwa mimi. Nataka useme hapa mbele ya mama, kwamba ukiumia ni mto, si mimi."

Kaka akamuuliza, "Unaniombea nife?"

Hakusubiri jibu. Alimpiga kibao cha nyuma ya mkono, bakuli likaruka, wifi akaangukia kwenye lundo la kuni. Mdomo ukapasuka, damu ikamchuruzika hadi shingoni. Angeishia hapo labda ningetukana tu. Lakini alisimama, akamfuata pale chini, akainua mguu, na kiatu chake kilikuwa kinaelekea usoni.

Kafi langu lilikuwa limeegemea ukuta, karibu na mkono wangu. Nilimpiga nalo. Aliinua mkono kujikinga nikaupiga mkono, ukatoa mlio wa muhogo mkavu ukivunjwa. Nikampiga tena mgongoni, akapiga magoti. Ya tatu ilikuwa iko hewani, na ilikuwa ya kichwa, siwezi kudanganya, nilipohisi mtu amenishika kanga kwa nyuma akanivuta nikakaa chini. Sijutii zile mbili.

Aliyenivuta ni mama. Akanipita, akaenda kwenye kinu, akarudi na mchi. Nilidhani anakwenda kumpiga mwanawe, na nilifikiri sawa, ampige. Aliuweka mchi chini, kwenye tope la yale maji yaliyomwagika, mbele ya magoti ya kaka. Mama huongea polepole kwa sababu taya lilijiunga vibaya, na mate humtoka pembeni, hivyo mara nyingi huamua kunyamaza. Siku hiyo hakunyamaza.

"Wewe ulikuwa mlangoni," akasema. "Nilisema ndiyo kwa sababu taya lilishavunjika na mchi ulikuwa unarudi kichwani. Na nyie mlikuwa wadogo. Hakukuwa na mtu. Baba yenu aliuawa na kiboko."

Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata mimi niliyejifanya namwamini. Kaka aliutazama ule mchi. Uso ulikuwa wa majivu, kwa maumivu ya mkono au kwa yale maneno, sikujua. Alichosema ni kwamba apelekwe hospitali.

Nikampeleka mimi, nani mwingine. Tulibanana watatu kwenye pikipiki, dereva mbele, kaka katikati, mimi nyuma nikimshikilia asianguke, mimi niliyemvunja. Kila shimo la barabara alinitukana, na kila tusi nililirudisha na nyongeza. Dereva aliongeza mwendo bila kuombwa. Hospitalini wakamfunga hogo la plasta mkono wa kulia, kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Muuguzi aliuliza nini kimempata. Kaka akasema ameanguka.

Kesho yake akaja baba mdogo kutoka Kasekese, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Habari zilimfikia kwa simu zikiwa tayari zimepikwa. Alikuja na fimbo. Hakuuliza hali ya mkono. Alisimama katikati ya ua, akamwita wifi, akamwambia apige magoti, akamuuliza alikuwa amefanya nini, kwa sababu mkono hauvunjiki hivihivi siku ya kutema maji.

Nikasema ni mimi niliyemvunja, kwa kafi, mchana kweupe, na majirani waliona. Baba mdogo akanijibu kwa upole kabisa kwamba mimi nilikuwa kafi tu, yuko aliyenituma, naye ndiye aliyevunja mwiko. Sijawahi kutukanwa vibaya kama siku ile. Nimevunja mfupa wa mtu kwa mikono yangu miwili, na bado kosa limetembea peke yake mpaka kwa mwanamke aliyekuwa ameanguka kwenye kuni.

Wifi alipiga magoti. Mdomo wake ulikuwa umevimba kiasi kwamba hata angetaka kusema asingeweza vizuri. Majirani walijaa kwenye uzio. Mama alitoka jikoni, akaenda kukaa chini ubavuni mwa mkwewe, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyewahi nafasi yake. Nikaelewa anachofanya, nikatafuta kafi kwa macho. Lilikuwa limefichwa.

"Nakuuliza mara ya pili," baba mdogo akasema, na fimbo ikapanda.

Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, hogo mapajani.  Ule mlango ulikuwa wa nyumba nyingine, lakini mtu alikuwa yuleyule, mlangoni vilevile. Nilimwangalia nikamchukia kuliko nilivyomchukia jana yake.

Akasimama.

"Baba mdogo, shusha fimbo. Nilimpiga mke wangu bila kosa, dada akanipiga mimi. Basi." Akamtazama mama. "Na mama naye hakufanya kitu."

Baba mdogo akamgeukia. Akamuuliza anasema nini juu ya baba yake aliyelala kaburini. Kaka akajibu kwamba anasema baba yake aliuawa na kiboko. Ile fimbo iliyokuwa ya wifi ikamshukia yeye, begani, halafu juu ya hogo lenyewe, na nilisikia meno yake yakigongana. Hakuinua mkono mzima. Alisimama akapigwa mpaka mzee akachoka, mzee mwenyewe akiwa analia. Kisha baba mdogo akaokota kofia yake, akasema tusimwite kwenye maziko ya yeyote kati yetu, akaondoka bila kunywa hata maji. Hajarudi mpaka leo.

Wifi aliinuka, akakung'uta magoti. Akamwambia mumewe, kwa ule mdomo uliovimba, kwamba safari ipo na yeye yumo. Mtumbwi atapiga kafi yeye, kwa sababu mwenye mtumbwi hana mkono. Na nyumba, akasema, tutaifunga kwa kufuli. Kaka akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaanza kuhesabu kimoyomoyo turubai nitakaloongeza kwenye hema.

Chakula siku hiyo alipika mama. Wifi alikuwa hawezi kukaa kwenye moshi na mdomo ule. Ulikuwa ugali na dagaa, wale dagaa wa safari, maana hatukuwa na kitu kingine. Tuliponawa, tukaanza kula, na kila mtu akawa anatazama sahani yake. Kaka alikuwa amekaa pembeni. Nilisubiri aseme ameshiba.

Hakusema. Aliutazama mkono wake wa kulia uliofungwa, akautazama wa kushoto, asijue aufanye nini. Mama akavuta kigoda chake mpaka karibu naye. Akakata tonge, akalifinyanga, akalichovya, akalipeleka mdomoni kwa mwanawe, mwanamume mwenye mvi kidevuni. Mkono wa mama ukabaki hewani muda mrefu, mchuzi ukamdondokea kwenye kanga.

Kaka akafungua mdomo. Alipokuwa anatafuna, mama naye alikuwa anatafuna hewa, kwa upande ule mzima wa taya, kama wanavyofanya wanaomlisha mtoto mchanga.